Nilivyomshikia Mzee Sauti

Nyuzi za gitaa hazipendi barabara ya Makambako kwenda Njombe. Kwa pikapu ni kama saa moja, lakini katika saa hiyo unaacha jua na upepo mkavu wa njia panda, unapanda kati ya misitu ya kupandwa, na ukishuka Njombe mwezi wa sita unakuta ukungu umejilaza barabarani kama ng'ombe asiyeogopa honi. Uzi wa chuma ukipigwa na baridi unajivuta, na ukijivuta sauti yake inapanda. Kwa hiyo ukifika unatyuni upya. Halafu watu wanajaa chini ya turubai, pumzi zao na mvuke wa masufuria ya pilau vinapasha hewa, vidole vyako navyo vinapasha nyuzi, na baada ya nyimbo tatu kila ulichokaza kimelegea. Hapo huwezi kusimamisha wimbo. Mama mwenye sherehe yuko katikati anacheza, wageni wameshika zawadi zao wanangoja zamu ya kupita mbele. Unatyuni hapo hapo, wimbo ukiendelea.

Sisi tulikuwa na njia yetu. Anayetaka kutyuni anamwangalia mwenzake na kuinua kidevu. Mwenzake anaacha alichokuwa akipiga, anaugonga uzi wake wa tano ukiwa wazi, kwa mapigo yale yale ya wimbo, tu-tu, tu-tu, bila kubadilisha, mpaka yule mwingine afike. Tuliita kumshikia mtu sauti. Kwa wageni ilikuwa kama pambo la wimbo, wengine hata walipiga makofi. Anayeshikiwa anageuza ufunguo wa gitaa lake mpaka uzi wake ufanane na wa mwenzake, kisha anapanga nyuzi nyingine tano kwa kuufuata ule mmoja. Akimaliza anainua kidevu tena, mnaendelea. Kazi yote ni ya ubeti mmoja, na inategemea jambo moja tu, kwamba anayeshikia yuko sawa. Anayeshikiwa hana pengine pa kuulizia.

Nilimshikia mzee mmoja sauti kwa miaka mitatu nikiwa sawa. Mara moja sikuwa sawa.

Mimi shule niliiacha Mlangali nikiwa kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza. Siku moja lori la mahindi lilipita, nikataka kujua linaishia wapi. Liliishia Makambako. Tangu hapo nimekata mbao, nimechuma chai, nimefungasha parachichi, nimepakia viazi, na kila mahali nilikaa mpaka nilipoelewa kazi inavyokwenda, kisha nikaondoka. Nilichotaka sikuzote kilikuwa kujua kitu kinafanyaje kazi. Nikishajua, miguu inaanza kuwasha.

Gitaa lilikuwa kitu cha kwanza ambacho nilikielewa na bado sikutaka kuondoka.

Nilijifunza kwenye gitaa la galoni lenye nyuzi za waya wa breki za baiskeli, na nilipojiona nimeiva nikaenda kwa mtu mmoja wa Makambako mwenye vyombo vya muziki. Tulimwita bosi. Alikuwa na spika mbili kubwa, ampu mbili ndogo za magitaa, kinanda, pikapu, na tumbo ambalo likiwa na njaa hakuna aliyesalimika. Tulipiga kwenye harusi, kipaimara, ubatizo na mikutano ya siasa ya chama chochote kilichotuita. Mpiga kinanda alikuwa kijana mkimya aliyekulia kwenye kwaya. Na mpiga solo alikuwa mzee.

Mzee alikuwa Mkinga wa upande wa Bulongwa, Makete, na Wakinga wanasifika kwa biashara. Alikuwa amepita kwenye bendi za mbali, na anasema tu "bendi za mbali," ukimuuliza zipi anakuangalia kama umemuuliza ameoga lini. Bosi alipenda kumchokoza.

"Mkinga gani wewe," bosi angesema, "mjini miaka yote hii huna hata kibanda cha sabuni? Wenzako wana maghorofa."

"Duka langu hili," mzee angejibu akigonga gitaa lake. "Na wateja ni wake zenu."

Alikuwa hodari. Alikuwa pia katili, na niseme hilo mapema. Siku ya kwanza alinitazama vidole akasema ni vya kupalilia. Aliponiuliza nimesoma wapi nikamwambia niliacha, akanipa jina la Mtoro, na kwa miaka mitatu sikuwa na jina jingine. Nyuzi zake zikizeeka alizichemsha kwenye sufuria pamoja na magadi, akazikausha juani, akanipa mimi nifunge kwenye gitaa langu, zikiwa na kutu ya jasho lake. Nikikosea katikati ya sherehe alichukua maiki. "Wapendwa wageni," alisema, "sauti mliyoisikia si paka. Ni huyu Mtoro hapa. Mpeni makofi ili ajifunze." Na wageni walipiga makofi. Msichana mmoja niliyekuwa nimemwalika kuja kunisikiliza alipiga makofi kuliko wote, na sikumwona tena.

Lakini nilimtazama. Yeye hakujua jinsi mimi ninavyotazama vitu. Niligundua kwamba kila anapotyuni anafanya mambo mawili. Kwanza, anasogea hadi kwenye ampu yangu, ile ndogo iliyotoa sauti ya gitaa langu peke yake, na kugusisha kichwa cha gitaa lake kwenye boksi la mbao. Pili, analaza taya lake kwenye bega la gitaa, anafumba macho, kama mtu anayelala kwenye mto. Watu walidhani ni mbwembwe. Akina mama walipenda sana, walipiga vigelegele, "Mzee analala na mke wake!" Nami nilidhani hivyo kwa muda mrefu.

Kisha nikaanza kuona mengine. Ukimwita kwa nyuma hageuki. Anatazama midomo. Usiku au mchana anavaa kofia ya sufu iliyofunika masikio, na akiivua kuna pamba masikioni, na pamba ile ina rangi ya njano na harufu. Siku moja nilichukua nta ya mshumaa nikaziba masikio yangu yote mawili, nikajifungia chumba cha vyombo, nikalaza taya langu kwenye bega la gitaa. Nikagonga uzi. Sauti iliingia kichwani mwangu kupitia mfupa, safi, kubwa, kana kwamba mtu anaongea ndani ya fuvu. Nikaondoa taya, kimya. Nikarudisha taya, sauti.

Nilikaa humo saa nzima. Nilijaribu na kichwa cha gitaa kikigusa boksi la ampu, nikaacha gitaa la pili, lililounganishwa na ampu hiyo, limeegemea kwenye kiti na kuligonga kwa mguu. Sauti ya gitaa la pili ilipita kwenye boksi, ikaingia kwenye mti wa gitaa langu, ikafika kwenye taya. Sauti mbili zikikaribiana bila kufanana zinatoa wimbi, wo-wo-wo, na kadiri zinavyokaribiana wimbi linakwenda polepole, woo, wooo, mpaka linatulia. Likitulia, mmefanana. Mzee alikuwa anatyuni kwa wimbi hilo. Masikio yake yalikuwa yamekufa, na alikuwa amepata njia ya kuyapita pembeni bila kumwambia mtu.

Nilimvulia kofia mzee moyoni mwangu. Pia nilijua kwamba sasa nina kitu chake mkononi.

Mara moja tu alinigusia. Tulikuwa tumekaa kwenye ukuta wa stendi ya Makambako tunakula viazi vya kukaanga, nikamuuliza, nikihakikisha anaona midomo yangu, kwa nini harudi kwao Makete akapumzike. Alitafuna kwanza.

"Kule nikirudi ni kiziwi," alisema. "Watoto watanirushia mawe wacheke nikigeuka upande usio wenyewe. Hapa mimi ni solo." Kisha akaninyooshea kidole chenye mafuta. "Na ukilisema hilo kwa bosi nitakukata vidole, Mtoro. Utapalilia kwa vifundo."

Sikulisema. Sikuwa na sababu, mpaka bosi aliponunua kinanda kipya.

Kinanda kile kilikuwa na ngoma ndani, besi ndani, tarumbeta, hata kigelegele cha kike ukibonyeza chini kabisa. Bosi alikibonyeza kigelegele siku nzima. Jioni akatukalisha.

"Magitaa mawili ya nini tena?" alisema. "Kinanda kina kila kitu. Nahitaji gitaa moja tu, la kunogesha. Jumapili hii tuna kipaimara Njombe. Nitasikiliza. Atakayenogesha anabaki, mwingine tutaagana kwa wema."

Mpiga kinanda alitazama miguu yake. Mzee alikuwa ameyasoma yote kwenye midomo ya bosi. Alicheka, akanipiga kibao cha shingo.

"Mtoro, kafunge mizigo," alisema. "Msimu wa viazi haujaisha."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniuma. Mbele ya masikio ya mtu yeyote alinizidi mbali. Bosi angesikiliza wimbo mmoja tu. Siku nne zile sikulala vizuri, na sikuwa na mpango wowote. Nasema hivyo kwa sababu watu hupenda kuamini ubaya hupangwa. Mwingine hupangwa. Wangu ulinijia wakati mkono wangu tayari uko kwenye ufunguo.

Jumapili hiyo Njombe ilikuwa na baridi ya kuuma meno. Familia ilikuwa ya Walutheri, wakulima, wenye nyumba ya matofali na uwanja mpana. Mtoto wao wa kike alikuwa amepata kipaimara asubuhi hiyo, na sasa alikaa mbele kwenye kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe, amevaa gauni jeupe la mikono mifupi, anatetemeka, kwa sababu mama yake alikataa avae sweta juu ya gauni. Sweta lilikuwa chini ya kiti. Kila mara mtoto alilitazama.

Mshereheshaji alishika maiki, akasalimu kwa kilugha cha huko. "Kamwene!"

"Kamwene!" uwanja ukajibu.

"Mbona mnajibu kama mmekula barafu? Kamwene!"

Tulianza. Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda vizuri, na mzee alipiga kama mtu anayejua anasikilizwa. Alikuwa na namna ya kuuchelewesha mdundo kidogo, anakuacha umeinua mguu hewani, kisha anakupa pa kuushusha. Bosi alisimama karibu na masufuria, sahani mkononi, akitikisa kichwa. Aliniangalia mara moja, akaangalia sahani yake. Nilielewa kwamba tayari ameamua.

Wimbo wa tatu ulikuwa wa kumsindikiza mtoto na wazazi kwenda kukata keki. Ni wimbo mrefu, unazunguka mpaka wafike, na familia ile ilitembea kwa madaha, hatua moja mbele nusu nyuma. Turubai lilikuwa limejaa, joto limepanda, nyuzi zimelegea. Mzee akaniangalia. Akainua kidevu.

Niliacha nilichokuwa nikipiga. Mkono wa kulia ulianza kuugonga uzi wa tano, tu-tu, tu-tu. Na mkono wa kushoto, uliokuwa hauna kazi, ulikwenda kwenye ufunguo wa uzi huo huo na kuulegeza. Kidogo tu, upana wa ukucha. Sio kiasi cha mzee kuhisi uzi umekuwa laini chini ya kidole. Kiasi cha kutosha kuwa pabaya.

Mzee alisogea, akagusisha kichwa cha gitaa kwenye boksi la ampu yangu, akalaza taya. Akina mama wakapiga vigelegele. Alifumba macho, akageuza ufunguo wake, polepole, na nilijua hasa anachokisikia kwa sababu nilishakisikia mimi mwenyewe, wo-wo-wo, woo, wooo. Uso wake ulitulia. Akapanga nyuzi nyingine tano kwa kuufuata ule mmoja, bila haraka, kazi safi. Akainua kidevu kunishukuru. Akarudi mbele.

Nilikuwa na kidude cha kutyunia, kile cha kubana kwenye kichwa cha gitaa chenye taa ya kijani, ambacho mzee alikiita kichezeo akakataa kukigusa. Niliurudisha uzi wangu mpaka taa ikawaka kijani. Kazi ya sekunde chache.

Kisha mzee akaingia na solo.

Sijui nieleze vipi sauti ile. Kama angekosea uzi mmoja, watu wangedhani ni uzi. Lakini nyuzi zote sita zilikuwa zimepatana zenyewe kwa zenyewe, na zote zilikuwa pembeni ya kinanda, kwa kiasi kile kile, kama mtu anayetembea vizuri kabisa kandokando ya daraja. Watoto ndio walioziba masikio kwanza. Bibi mmoja alikunja uso kama aliyeng'ata ndimu. Familia ilipoteza hatua, baba akaenda mbele, mama nyuma, mtoto katikati akavutwa mikono yote miwili.

Na mzee alitabasamu. Taya lilikuwa kwenye gitaa, na kwenye mfupa wake kila kitu kilikuwa sawa. Alipiga vizuri siku ile kuliko siku yoyote niliyomsikia.

"Mzee!" mshereheshaji alisema kwenye maiki. "Hilo gitaa linaumwa jino, au wewe ndiye unaumwa jino? Maana naona umeshika taya!"

Uwanja ulilipuka. Mzee aliona watu wanacheka, akadhani wamefurahi, akainama kidogo kuwashukuru. Wakacheka zaidi.

"Anashukuru!" mshereheshaji alisema. "Jamani, ana adabu! Mleteeni koleo ang'olewe jino!"

Mama wa mtoto aliacha maandamano akaja mpaka kwa bosi. "Kaka, mnatuharibia mtoto," alisema. "Tumekuja kumbariki au kumchinja?"

Bosi aliweka sahani chini. Alikuja nyuma yetu akiinama, akafika kwenye ampu ya mzee, na akachomoa waya. Hakuuchomoa kwenye gitaa. Aliuchomoa huku nyuma, kwenye ampu, ili mzee asihisi kitu. Kisha akanijia sikioni. "Ingia wewe. Solo. Haraka."

Niliingia.

Mzee aliendelea kupiga. Gitaa lake lilikuwa halina sauti tena kwa mtu yeyote hapo uwanjani isipokuwa kwake, na yeye alilisikia lote. Waya ulining'inia kiunoni mwake, mwisho wake umelala kwenye nyasi. Alipiga ubeti mzima, akarudia kiitikio, akauchelewesha mdundo kwa namna yake ile, nami nilikuwa naupiga ule ule juu yake, kwa sauti, na watu walikuwa wanaucheza wangu. Wageni walielewa kabla yake. Vijana walianza kumwiga, wameshika magitaa ya hewa, mataya yamelala mabegani. Mmoja alipiga magoti mbele yake na kufumba macho. Mzee akampigia yeye hasa, akamsogelea, akampa solo nzima, na kijana akajishika moyo akaanguka chali, na hata mtoto wa kipaimara, mbele ya keki yake, alicheka mpaka akasahau baridi.

Sikusimama. Nataka hilo lieleweke. Nilikuwa naweza kusimama. Nilichofikiri wakati ule ni kwamba kiitikio kinachofuata nitakipandisha.

Alijua alipotazama vidole vyangu. Aliona ninapiga sehemu yake. Akatazama chini, akaufuata waya kwa macho mpaka kwenye nyasi. Aliweka mkono wake juu ya nyuzi kuzinyamazisha, nyuzi ambazo hakuna aliyekuwa akizisikia, akaenda kukaa nyuma ya pikapu.

Tulirudi Makambako jua likiwa bado juu. Bosi na mpiga kinanda walikaa mbele. Mimi na mzee tulikaa nyuma na vyombo, tumejifunika turubai moja kwa ajili ya upepo. Tulikwenda hivyo karibu nusu ya njia. Kisha mzee akanigusa goti ili nimtazame, na yeye aione midomo yangu.

"Nilikuwa nje ya sauti?"

"Ulikuwa nje, mzee."

"Sana?"

"Sana."

Alilaza mkono kwenye taya lake, akalisugua kama mtu anayetafuta jino bovu.

"Mimi nilisikia sawa," alisema. "Mtoro, uniambie. Ulinishikia sawa?"

Hapo ndipo nilipokuwa na muda. Kule uwanjani ninaweza kusema mkono ulitangulia. Kwenye pikapu hakuna kilichotangulia. Nilimtazama usoni, nikayaweka maneno polepole ili asikose hata moja.

"Nilikushikia sawa, mzee. Ni wewe."

Alitikisa kichwa mara kadhaa. Kisha akaondoa mkono kwenye taya na hakuurudisha tena.

Ningedhani yameishia hapo. Lakini Jumanne asubuhi bosi alituita chumba cha vyombo, wote, mzee naye. Nilikwenda nikijua nakwenda kukabidhiwa nafasi. Nilikuta bosi ana uso wa mtu aliyesumbuliwa.

"Huyu," alisema akimwonyesha mpiga kinanda, "ana maneno. Sema."

Yule kijana mkimya wa kwaya hakunitazama. Alisema akikitazama kinanda, na bosi akamrudishia mzee kila neno kwa midomo mikubwa, kwa sababu tangu Jumapili kila mtu alishajua kwamba hasikii.

"Mzee hakuwa nje ovyo," alisema. "Nyuzi zote sita zilikuwa pamoja. Zote zilishuka kwa kipimo kimoja. Mtu asiyesikia hatyuni hivyo, anatawanya. Yule alitoka kwenye sauti aliyopewa."

Chumba kilinuka mbao mbichi, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mashine ya kupasulia. Nilisikia msumeno unaingia kwenye gogo, unatoka, unaingia.

"Kwa hiyo," bosi alisema, "tumpime hapa hapa. Sauti itoke kwenye kinanda, sio kwa huyu. Mzee aweke gitaa lake kwenye spika anavyoweka, atyuni. Akipatia, nafasi ni yake, na mimi na huyu Mtoro tutazungumza lugha nyingine. Mzee, chukua gitaa."

Nilijua atapatia. Nilijua kuliko wote waliokuwa mle ndani. Ilikuwa kazi ya dakika moja, na mwisho wake ningekuwa nimesimama mbele ya watu watatu wakijua nilichofanya. Nilianza kutafuta mlango kwa macho.

Mzee alilichukua gitaa. Hakulipeleka kwenye spika. Alikaa nalo kwenye boksi tupu, akalilaza mapajani.

"Msijisumbue," alisema.

"Mzee, ni dakika moja."

"Nimesema msijisumbue. Huyu Mtoro ni mjinga wa mambo mengi. Mkono wake mzito, shule ilimshinda. Lakini sauti hajawahi kunishikia vibaya, miaka mitatu. Na nilimuuliza. Tulikuwa wawili, sura kwa sura, nikamuuliza, akasema alishika sawa." Aligonga taya lake kwa kidole. "Hili lilikuwa la mwisho. Limeondoka kama yalivyoondoka masikio. Mnataka nikae hapa nitoe sauti mbaya mnitazame tena? Jumapili ilitosha."

Mpiga kinanda alinitazama sasa. Alinitazama kwa muda mrefu, na alikuwa anasubiri. Lilikuwa ni neno moja tu. Nilitazama ile taa ndogo ya kidude changu cha kutyunia, ambayo ilikuwa imezimwa.

"Haya," bosi alisema, na nilisikia amepumua. Alikuwa amechoka na shauri hilo. "Haya, mzee. Mungu ni mwema."

Mzee alianza kuzilegeza nyuzi zake, moja baada ya nyingine, kama unavyofanya kwa gitaa ambalo halitapigwa kwa muda mrefu, ili lisipinde shingo. Hakuharakisha. Kila uzi ulitoa mlio wake wa kushuka, na yeye hakuinamisha kichwa kuusikiliza. Alipomaliza zilikuwa zimelala kwenye mti kama nywele. Alilifunga kwenye blanketi.

Nilimbebea sanduku mpaka kwenye gari la Makete. Hakuna aliyeniambia nibebe. Stendi ilikuwa na kelele, makondakta wanaita Iwawa, wanaita Njombe, hakuna lolote kati ya hayo lililomfikia. Alipanda, akakaa dirishani, gitaa amelikumbatia mapajani. Akanipungia mkono nisogee.

"Wengine wangenidanganya," alisema, kwa sauti kubwa mno, ya mtu asiyejipima tena. Abiria waligeuka. "Wangesema, mzee, ni baridi, mzee, ni nyuzi. Nami ningeendelea kuchekwa. Umefanya vizuri kuniambia, mwanangu."

"Asante, mzee," nilisema, nikihakikisha ameniona midomo.

Gari lilipoondoka nilirudi chumba cha vyombo. Mpiga kinanda alikuwa ameshakaa. Alibonyeza sauti ya uzi wa tano, akaishikilia, akasubiri nityuni.